Nafsi ya Kwanza Vitani: Mchezo wa Kompyuta na Mapigano ya Jasin

Iko aina ya mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hamwoni askari anayemwendesha. Aonacho ni mikono miwili, mtutu wa bunduki, na kila kilicho mbele ya macho ya askari huyo. Akigeuka, dunia yote hugeuka pamoja naye. Waundaji waliazima jina la aina hii kutoka katika sarufi, wakauita mchezo wa nafsi ya kwanza. Husifu pia uhalisi wake, yaani bunduki ni zile zilizokuwako kweli, na mlio ni mlio wake. Kwa mwanafunzi wa lugha maneno haya mawili, nafsi ya kwanza na uhalisi, yanastahili kutazamwa kwa pamoja, kwa sababu lile la kwanza huamua ni kiasi gani cha lile la pili kinachoweza kuonekana.

Mfano wetu ni Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya kusini ya Kenya, karibu na mlango wa mto Umba. Wanafunzi wa lahaja wanaujua kwa ajili ya Kivumba, ambacho H. E. Lambert alikiandikia kitabu mwaka 1957. Hapa tunautaja kwa sababu nyingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa mlangoni pake, na vita hiyohiyo ndiyo iliyotengenezewa mchezo wa Battlefield 1, uliotolewa mwaka 2016 na kuchezwa na watu wengi sana duniani. Mchezo huo una nyanja za Ufaransa, Italia, Gallipoli, Urusi na jangwa la Uarabuni. Afrika ya Mashariki haimo. Basi twaweza kuuliza: lau mtu angetaka kuitia Vanga ndani yake, sarufi ya mchezo ingemruhusu kusema nini?

Kwanza tuutendee haki mchezo. Uhalisi wake si porojo tupu. Katika Operation Flashpoint wa mwaka 2001, uliotengenezwa na Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, na katika michezo ya Arma iliyoufuata, risasi huchukua muda kufika na hushuka kadiri umbali unavyozidi, hata mlengaji hana budi kuinua shabaha. Katika Arma 3 askari aliyebeba mzigo mzito huchoka upesi, akahema, na mkono wake ukatetemeka. Kampuni dada ilitengeneza kutokana na kazi hiyo programu ya kufundishia wanajeshi halisi. Jeshi la Marekani nalo lilitoa mchezo wake lenyewe, America's Army, mwaka 2002, ili kuwavuta vijana kujiandikisha, na likauendesha hadi mwaka 2022. Jambo linalogharimiwa na serikali kwa miaka ishirini haliwezi kuitwa upuuzi wa watoto.

Sasa tuje kwenye sarufi. Mchezaji wa Kiswahili akipigwa risasi husema: "Nimekufa." Tusiipite kauli hii kwa haraka. Kiambishi -me- hueleza tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo; "amekufa" maana yake ni kwamba yu mfu sasa. Kwa hiyo "nimekufa", kwa maana yake ya asili, ni kauli inayojikanusha, maana anayeweza kuitamka hajafa. Katika mazungumzo twaitumia kwa kutia chumvi tu, kama mtu aliyedaiwa deni zito anaposhika kichwa. Mchezoni imekuwa taarifa kamili isiyo na chumvi yoyote, na sekunde chache baadaye hali ile imefutika, mtu yuko uwanjani tena. Tendo hili la kurudi bado linatafuta jina. Wengine wangependa "kufufuka", lakini katika miji ya Kiislamu kama Vanga neno hilo ni la Siku ya Kiyama, na sioni haja ya kulishusha hadi hapa. "Kurejea" latosha.

Kauli ya kutendwa ina mengi zaidi. Sentensi "nimeuawa" humwacha msikilizaji akingoja "na nani?" Katika Battlefield 1 swali hujibiwa papo hapo, kwani kioo huonyesha jina la muuaji na silaha aliyoitumia. Kila kifo kina mtenda. Vitani hasa mtenda huyo aghalabu hajulikani, na mara nyingi si mtu kamwe. Ni homa, au tumbo la kuhara, au njaa.

Vita ilifika upande wa Vanga mwaka 1914. Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa ameandika kitabu juu ya safari yake ya kificho kwenda Makka, aliunda Mombasa kikosi cha Waarabu kilichopigana katika pwani hii. Yeye mwenyewe aliuawa Mwele, katika Kwale, Januari 1916. Majeshi ya Kiingereza, ambayo wengi wao walikuwa Wahindi, yalivuka mpaka yakaweka ngome Jasin, si mbali na Vanga. Tarehe 18 Januari 1915 Paul von Lettow-Vorbeck aliishambulia ngome hiyo kwa kombania nyingi. Mapigano yaliendelea hadi siku ya pili, kamanda wa ngome, Raghbir Singh wa Kashmir Rifles, akiwa amekwisha kuuawa. Baada ya hapo Waingereza waliliacha bonde la Umba.

Lugha ya watu waliokuwa katika vita hiyo imebaki katika Kiswahili, nayo ni ushahidi wa namna yake. Askari wa Kijerumani waliitana "shaushi" na "ombasha", majina ya vyeo ya Kituruki yaliyoletwa na Wasudani walioajiriwa Misri. Wale wa upande wa pili walikuwa "Keya", kutokana na herufi za kwanza za King's African Rifles. Bunduki ya mtombo iliitwa "bombomu". Neno hili ni tanakali ya sauti: halisemi chochote juu ya umbo la silaha wala kazi yake. Ni jina lililotolewa na sikio, na yaelekea ni sikio la mtu aliyelala kifudifudi. Hapa mchezo na lugha vinakutana, kwani watengenezaji wa sauti za michezo hii hufanya kazi ya ustadi mkubwa, na mchezaji mzoefu hujua silaha kwa mlio wake kabla hajaiona.

Lakini neno lililoenea kuliko yote kutoka katika vita ile si la silaha. Ni "Kariakoo", yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Dar es Salaam ina Kariakoo, Nairobi ina Kariokor; hakuna mtaa mashuhuri ulioitwa Bombomu. Wapagazi walikuwa mamia ya elfu, wengi walichukuliwa kwa nguvu, na makumi ya elfu wakafa, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Nafsi ya kwanza ya mchezo haiwezi kumwona mtu huyu, kwa sababu haimhitaji. Katika Battlefield 1 askari mwenzako hutupa kasha la risasi chini, nawe ukisimama karibu nalo hujazwa. Lile kasha halikubebwa na mtu kutoka popote. Mzigo wa Arma wenyewe, pamoja na kuhema kwake kote, ni mzigo wa mwenye bunduki, na mwenye bunduki ndiye "mimi". Mpagazi angehitaji wakati wa mazoea, "hu-" ya kila siku, nao ni wakati usio na ushindi ndani yake.

Kuna kitenzi kimoja zaidi kinachokosekana, nacho ndicho kilichoimaliza Jasin: kusalimu amri. Waliokuwa ngomeni waliishiwa na risasi, wakajisalimisha. Lettow-Vorbeck aliwarudishia maafisa wao wawili panga zao, akawaachia huru kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita hiyo. Battlefield 1 haina kitufe cha jambo hili; mchezaji aliyeishiwa na risasi hufa na kurejea akiwa amejazwa. Upande wa mshindi nao hesabu ilikuwa ya risasi. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba alitumia risasi 200,000 Jasin, na kwamba kwa akiba aliyobakiwa nayo angeweza kupigana mapigano ya namna hiyo mara tatu tu zaidi. Kuanzia hapo akayaepuka, akaenda kuishambulia reli ya Uganda kwa vikosi vidogo vidogo.