Usimpelekee daktari jina la ugonjwa

Kati ya maswali yanayowafikia waandishi wa afya kutoka Handeni na Korogwe, lipo moja lisilopungua: mgonjwa ajue maneno gani ya Kiingereza ili aelewane na daktari? Wanaouliza wana sababu. Tabibu amesomea kazi yake kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza chuoni, anajaza daftari la mgonjwa kwa Kiingereza, na akishauriana na mwenzake kando ya kitanda mara nyingi hushauriana kwa Kiingereza. Mtu anayezungumza Kizigua nyumbani na Kiswahili sokoni anajiona amefungiwa nje ya mazungumzo yanayohusu mwili wake mwenyewe. Hata hivyo nitashikilia hoja ambayo baadhi hawataipenda: mgonjwa anaponzwa zaidi na Kiingereza kidogo alichonacho kuliko kile asichonacho. Malaria, presha, taifodi, UTI, aleji, haya ni maneno yaliyotoka hospitali, yakakaa nyumbani, na sasa yanarudishwa hospitali yakiwa ndiyo malalamiko. Mtu anaketi mbele ya tabibu na kusema “nina malaria na UTI”, na yote ambayo mwili wake umefanya kwa siku nne yanafunikwa na majina mawili.

Uzito wa maelezo ya mgonjwa umewahi kupimwa. Mwaka 1975 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti mdogo ambao haujachuja. Madaktari wa Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Waliandika walichofikiri baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza mgonjwa, kisha baada ya kumkagua mwili, kisha baada ya majibu ya vipimo. Kwa wagonjwa 66, maelezo peke yake yaliwafikisha kwenye ugonjwa uleule uliokubaliwa mwishoni. Ukaguzi wa mwili ulisaidia kwa wagonjwa 7, na maabara kwa 7. Sasa weka kando ya hayo kisa cha Florida, Marekani, cha mwaka 1980. Kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, na ndugu zake, wasemaji wa Kihispania, wakatumia neno “intoxicado”, ambalo kwao ni mtu aliyedhurika kwa alichokula au kunywa. Waliompokea wakasikia “intoxicated”, mtu aliyelewa. Alitibiwa kama aliyezidisha dawa za kulevya huku damu ikivuja ndani ya ubongo, na alibaki amepooza mikono na miguu. Hakuna aliyetafuta mkalimani, kwa sababu maneno yalifanana na kila upande uliamini umeelewa.

Hatari hiyohiyo ipo kati ya Kiswahili na daftari la tabibu. Homa kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni kuumwa kwa jumla: uchovu, baridi, maungo kulegea. Tabibu akiandika “fever” kila anaposikia homa, ameandika jambo ambalo pengine hakuambiwa. Kifua ni sehemu ya mwili, ni kikohozi, na pale watu wanapoona haya ni kifua kikuu. Mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia vidoleni, ilhali Mwingereza ameugawa sehemu mbili zenye majina tofauti. Neno mshipa ndilo gumu kuliko yote, maana linabeba njia ya damu, linabeba njia ya fahamu, na tena linabeba ngiri. Katika mkoa wa Tanga, ambako matende na mabusha yanajulikana kwa vizazi, mwanamume anayesema kwa staha kwamba mshipa unamsumbua anaweza kuwa na utumbo ulioshuka, au maji yaliyojaa kwenye korodani, au maumivu ya mgongo tu. Hakuna kamusi itakayochagua kwa niaba yake. Aonyeshe kwa kidole, aseme uvimbe unapungua akilala au haupungui, na mjadala wa maneno umekwisha.

Lakini neno ambalo sina budi kukaa nalo ni degedege. Mtoto anakakamaa, macho yanageuka, viungo vinarukaruka, povu linatoka. Imani iliyoenea pwani na bara yake inasema ni ndege au nondo aliyepita usiku juu ya mtoto, au ni shetani, na kwa hiyo ugonjwa huo si wa hospitali. Watafiti waliozungumza na akina mama na waganga wa Handeni na Kilosa kuhusu malaria kali ya watoto wadogo, wakachapisha kazi yao mwaka 2006 katika Malaria Journal, walilikuta degedege katikati kabisa ya mazungumzo. Kinachotokea ndani ya mwili kinashangaza kuliko ndege yeyote, na sehemu ya kukielewa imetokana na damu ya watoto wa Korogwe. Kimelea cha malaria kiitwacho falciparum kikiwa ndani ya chembe nyekundu kina adui mmoja mkubwa, bandama, inayochuja damu na kuziondoa chembe ngumu zisizopindika. Ili kisifikishwe huko, kimelea kinasukuma hadi juu ya chembe protini iitwayo PfEMP1, ambayo hung’ang’ania ukuta wa mishipa midogo kama mbigili kwenye pindo la kanga. Kila kimelea kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza aina mbalimbali za protini hiyo. Hutumia moja kwa wakati, na kinga ya mwili ikiizoea, kizazi kinachofuata hubadili. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wenzao wa Copenhagen, Denmark, walipochunguza vimelea vya watoto waliolazwa Korogwe, waliona kwamba malaria kali inaandamana na aina chache tu kati ya hizo. Kazi iliyofuata, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2013, ilionyesha kwamba aina hizo zinashika kipokezi kiitwacho EPCR. Kipokezi hicho kina kazi yake ya halali: kinaamsha protini inayozuia damu kuganda ovyo na inayoulinda ukuta wa mshipa usivuje. Kimelea kikikikalia, ulinzi huo unaondoka. Damu inaganda vidogovidogo, maji yanapenya, na mishipa ya ubongo, ambayo tangu mwanzo ina vipokezi hivyo vichache, ndiyo inayoumia mapema. Ubongo unavimba ndani ya fuvu lisilotanuka, na mtoto akifa, mara nyingi hufa kwa sababu uvimbe umebana sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi.

Nimeeleza yote hayo ili hoja yangu isimame, kwa sababu si kila degedege ni hilo. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kushtuka kwa joto la homa yoyote, hata ya mafua, akatetemeka dakika moja au mbili, akazinduka, akamlilia mama yake, na asipate madhara. Mwingine anatetemeka kwa homa ya uti wa mgongo, mwingine kwa sukari iliyoshuka, mwingine kwa kifafa. Wote wanaitwa wa degedege, na mlangoni wote wanafanana. Kinachowatenganisha ni maelezo ya aliyekuwapo: lilianza lini, lilichukua muda gani, lilikamata mwili mzima au upande mmoja, limerudi mara ngapi, na kubwa zaidi, baada ya hapo mtoto alimtambua mama au alibaki amelala fofofo. Mama anayejua kusema “convulsion” hajaongeza kitu. Anayesema “alikakamaa upande wa kushoto tangu adhana ya alfajiri, na hadi sasa hajanitazama” amempa tabibu nusu ya jibu, na amempa kwa Kiswahili.

Hapa lazima niseme juu ya uzushi unaoua, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Chimbuko lake ni rahisi kuliona. Mtoto anafukizwa na kuogeshwa dawa siku mbili, anafikishwa hospitali akiwa kwenye pumzi za mwisho, anachomwa, anafariki, na lawama inaiangukia sindano kwa kuwa ndiyo iliyoonekana mwisho. Ushahidi uko upande wa pili, na umepatikana nyumbani. Majaribio yaliyoitwa AQUAMAT, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2010, yalihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Korogwe na Muheza zikiwa miongoni mwa vituo. Sindano ya artesunate ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini hadi asilimia 8.5. Anayemwambia mama aiogope sindano hiyo, awe mganga, jirani au mwanafamilia, anabeba dhamana ya kile kitakachofuata.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo yamepitwa na wakati, kipimo kitasema. Natamani ingekuwa hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa mahututi waliokuwa wakitibiwa malaria, ni asilimia 46.1 tu waliokuwa na vimelea kioo chenye damu kiliposomwa mara mbili. Moshi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 528 kati ya 870 waliolazwa kwa homa waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Zamani kudhani kila homa ni malaria lilikuwa kosa linaloeleweka, maana katika vijiji vya tambarare vya Korogwe vilivyofuatiliwa na watafiti karibu asilimia 78 ya waliopimwa mwaka 2003 walikuwa na vimelea. Ilipofika 2008 walikuwa asilimia 13. Vimelea vilipungua, lakini neno halikupungua. Kipimo cha haraka nacho kina mpaka wake: hakimtafuti kimelea mwenyewe, kinatafuta protini yake iitwayo HRP2, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa mseto kumaliza kazi. Mgonjwa asiposema kwamba alimeza dozi nzima wiki mbili zilizopita, mistari miwili ya kipimo itamrudisha kwenye dawa ileile, na nimonia iliyo kifuani mwake itaendelea bila kuguswa.

Pengo la lugha kati ya mgonjwa na tabibu ndimo wanamojipenyeza matapeli, na juu yao sina subira. Kuna mashine ya “kipimo cha mwili mzima” inayozungushwa minadani na kwenye vibanda vya stendi. Mtu anashika kijiti cha chuma, baada ya dakika moja kompyuta inatoa kurasa zenye orodha ndefu ya viungo na namba, zote kwa Kiingereza, kisha anauziwa virutubisho kwa bei ya mbuzi. Kijiti hakipimi ini wala figo, hakina njia ya kuvipima. Kinachouzwa pale ni karatasi isiyosomeka, inayoaminiwa kwa sababu haisomeki, na Kiingereza kimegeuzwa hirizi.

Hata hivyo wako wasemaji wa Kizigua ambao swali la Kiingereza kwao ni la lazima. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nyanda hizihizi wakapelekwa Somalia, wakaitunza lugha yao kando ya mto Juba. Vita vya miaka ya 1990 vikawatawanya. Baadhi walirudi Handeni na kupewa ardhi katika makazi ya Chogo, na maelfu ya Wabantu wa Somalia wakahamishiwa Marekani. Kwao ningetegemea ushauri uwe “jifunze Kiingereza kwanza”, lakini huko kwenyewe Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimtafutie mgonjwa msaada wa lugha. Na mkalimani wa kuokoteza hatoshi. Utafiti wa watoto uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulihesabu makosa 396 ya ukalimani katika mazungumzo 13 tu, asilimia 63 yakiwa na uwezo wa kuathiri matibabu, na wakalimani wasiofunzwa ndio waliofanya makosa mabaya zaidi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kukariri ni “I need an interpreter”. Zinazofuata ni “It hurts here” pamoja na kidole, na “It started on Monday” au siku yoyote ilivyokuwa. Mtoto wa shule asikalimani ugonjwa wa mama yake.

Kwa aliye Mkata, Kabuku au Magunga, yaliyobaki ni machache. Anza na lililokuogopesha zaidi, kwani utafiti wa mwaka 1984 ulikuta madaktari wa Marekani wakiwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18, na hapa foleni ni ndefu zaidi. Taja siku lilipoanza, mahali, na kilichofuata kwa mpangilio. Kama Kiswahili kinakupa shida, sema Kizigua au Kisambaa na uombe nesi anayekijua. Uliza ugonjwa umeitwaje na kwa nini, kisha uyarudie maelekezo ya dawa kwa sauti kabla ya kusimama. Vifupisho vinavyowatisha wengi, BD kwa mara mbili kwa siku na TDS kwa mara tatu, hata si Kiingereza, ni Kilatini, na aliyeviandika anapaswa kukueleza. Degedege likimshika mtoto mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, kisha safari ianze. Paketi tupu za dawa alizokwisha meza, hata zile zilizonunuliwa kimyakimya kwa mtu asiye na duka, ziwekwe mezani kwa tabibu pamoja na daftari.