Je, Wajua? Majeshi Yakifunga Virago, Kakuma Hupokea Wageni

Je, wajua kwamba kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilianza 1992 kutokana na vita ambavyo Kenya haikupigana? Vijana wa Sudan waliofika kwa miguu wakati huo walikuwa wameishi miaka kadhaa kambini Ethiopia, chini ya serikali ya Mengistu Haile Mariam. Mengistu alisimama kwa silaha za Wasovieti na, tangu vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, kwa askari wa Cuba. Wacuba wa mwisho waliondoka Septemba 1989, Moscow nayo ikapunguza misaada, na Mei 1991 Mengistu akakimbilia Zimbabwe. Vijana wakafurushwa. Wengine walikufa wakivuka mto Gilo, na waliosalimika wakarudi Sudan kabla ya kuingia Kenya kupitia Lokichoggio. Wacuba walikuwa na haki ya kwenda kwao, lakini watoto hao hakuna aliyewapangia pa kwenda.

Na bunduki zilizowatesa wafugaji wa Turkana miaka ya 1980, wajua zilikotoka? Baadhi zilitoka ghala la kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda. Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipomwangusha Idi Amin, askari wake waliitelekeza kambi hiyo na Wakaramoja wakajichukulia silaha. Uvamizi wa mifugo mpakani ukawa wa kuua zaidi. Tanzania iliwarudisha askari wake nyumbani kufikia katikati ya 1981, hazina ikiwa imechoka, huku Uganda ikiwa tayari imeingia katika vita vingine.

Je, wajua kuhusu Uganda na Juba? Desemba 2013 Uganda ilipeleka jeshi kumsaidia Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini. Mkataba wa amani wa Agosti 2015 ukataka jeshi hilo liondoke, na Oktoba likaanza kuondoka. Julai 2016 Juba ikawaka tena. Mwaka huohuo makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa jirani na Kakuma, yakajaa wageni wapya, wengi wao kutoka Sudan Kusini.

Wenyeji nao huguswa. Mama wa Kiturkana anayebeba makaa hadi kambini mara nyingi hulipwa kwa unga au maharagwe ya mgao. Mgao ukikatwa, makaa yake hukosa mnunuzi.

Je, wajua Kenya iliwahi kuondoka kwa hasira? Novemba 2016 Umoja wa Mataifa ulimfuta kazi Luteni Jenerali Johnson Ondieki, kamanda wa walinda amani Sudan Kusini. Nairobi ikawaita nyumbani askari wake zaidi ya 1,000. Miezi michache baadaye ikakubali kurudi. Raia waliolindwa na askari hao hawakuwa na neno katika ugomvi huo, na hilo linaniuma.

Ethiopia nayo ilitoka Somalia Januari 2009. Mara tu askari wake walipoondoka Baidoa, makao ya bunge wakati huo, al-Shabaab wakauteka mji.

Kuna njia nyingine, na Umoja wa Afrika umeijaribu hukohuko Somalia. Kikosi cha ATMIS, chenye askari wa Kenya, kilipewa ratiba ya kuondoka kwa awamu: askari 2,000 kufikia mwisho wa Juni 2023, kisha 3,000 kufikia Septemba, kila kambi ikikabidhiwa kwa jeshi la Somalia au kufungwa rasmi. Agosti mwaka huo jeshi la Somalia lilipata pigo kubwa, na serikali yake ikaomba awamu ya pili isimamishwe kwa miezi mitatu. Ikakubaliwa. Nalisifu hilo bila kusita: ratiba ilifuata hali ya uwanjani, na mwenye nchi ndiye aliyesema bado hajawa tayari.

ATMIS ilifunga kazi 31 Desemba 2024, kikosi kingine cha Umoja wa Afrika, AUSSOM, kikaipokea kesho yake, na shida yake ya kwanza imekuwa fedha. Kakuma ina Wasomali wengi, na wengine watafika mambo yakiharibika. Wabunge wa Turkana wana kila sababu ya kusimama bungeni na kuuliza: askari wa Kenya (KDF) wakirudi nyumbani, nani atapokea kambi zao Jubaland, na mishahara ya hao watakaozipokea itatoka mfuko gani?