Kutoka Kipande hadi Pasi: Msamiati wa Ruhusa ya Kusafiri katika Turkana

Utangulizi

Lugha huhifadhi historia ya watu wanaoitumia. Makala haya yanafafanua maneno machache yahusuyo ruhusa ya kusafiri, kwa kurejelea wakimbizi wa Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya. Katika baadhi ya nchi, mgeni ambaye viza yake inakaribia kuisha huweza kupanda treni, akavuka mpaka, akaongezewa muda na kurejea. Turkana haina safari ya namna hiyo. Reli iliyofika Kitale mwaka 1926 haikuendelea kaskazini, na ile iliyopangwa katika mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, haijafika huko. Anayetoka Kakuma husafiri kwa barabara kilomita 120 hivi hadi Lodwar, ulipo mtaa wa Nawoitorong, kisha akaelekea Kitale. Njiani hukuta vizuizi vya polisi, na swali la kwanza huwa ni karatasi.

Kipande

Kwa maana ya msingi, kipande ni sehemu ndogo ya kitu. Maana ya pili ililetwa na ukoloni. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 kubeba cheti chenye alama za vidole na maelezo ya kazi zao. Cheti hicho kilitiwa katika kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Sheria imekwisha, neno limebaki: hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho cha taifa kipande. Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ilimfunga Jomo Kenyatta Lokitaung, kisha mwaka 1959 ikamweka Lodwar.

Mkimbizi na pasi

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Kimofolojia, mkimbizi hutokana na kimbia, kama mzazi na zaa, au mkwezi na kwea: sauti l iliyodondoka katika kitenzi hujitokeza kama z katika nomino. Kisemantiki, neno hili linabeba mwendo. Hata hivyo, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilifanya kuishi nje ya maeneo yaliyotengwa bila idhini kuwa kosa, lenye faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Aliyeitwa kwa kitenzi cha kukimbia akatakiwa kutulia.

Hapo ndipo linapoingia neno pasi. Hati hii hutaja sababu ya safari, kama matibabu au masomo, mahali aendako msafiri na muda aliopewa. Methali husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa mwenye pasi, marejeo yameandikwa tarehe. Muda ukiisha, sharti arudi au aombe upya. Kiswahili kina pia homonimu yake, pasi yenye maana ya bila, hata mtu aweza kunena juu ya msafiri pasi na pasi.

Tofauti ya pasi na viza ni kubwa. Viza humruhusu mtu kuingia nchi isiyo yake. Pasi humruhusu kutoka mahali ambapo hakupachagua, akiwa ndani ya nchi ileile. Kibali nacho kinatokana na kubali: ndani yake daima yumo mtu mwingine mwenye uwezo wa kukataa.

Hitimisho

Sheria ya mwaka 2006 ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja ya wakimbizi na wenyeji. Jina hilo lina mzizi mmoja na shiriki. Uzito wake utapimwa barabarani: iwapo aliyezaliwa Kakuma ataweza kwenda Kitale kumwona mgonjwa pasi na kuomba ruhusa. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kukusanya msamiati huu, kwa kuwa wanaoutumia kila siku hawajapata nafasi ya kuuandikia kamusi.