Siku ya kwanza ya farasi mwoga: fika, tulia, rudi mapema

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba, saa mbili asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa binti ya shangazi. Alijifunza kupanda farasi pale Ngong Racecourse, na siku hizi ni saisi, yaani mtunza farasi, huko Ayalandi. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili, giza bado.

"Kaka, leo nampeleka Kiwewe kuwinda. Niombee."

Kiwewe si jina lake la kwenye makaratasi. Binti ya shangazi ndiye alimbandika, maana farasi huyo wa miaka 5 hushtuliwa na kila kitu: mfuko wa plastiki, dimbwi la maji, hata toroli lililosogezwa kidogo tu tangu jana. Na mwenye farasi alikuwa ameshasema: akishindwa msimu huu, anauzwa.

Utauliza, kuwinda nini? Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Ayalandi bado watu hupanda farasi na kufuata mbwa wanaomsaka mbweha, wakiruka mitaro na kuta za mawe. Kwa majirani zao wa England na Wales, sheria ilikataza jambo hilo kuanzia 2005, na hata Ayalandi wapo wanaolipinga. Mimi mwenyewe namhurumia mbweha. Lakini stori ya leo ni ya farasi.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na kinga yake ni mbio. Macho yake yako pembeni, kwa hivyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Sasa mweke katikati ya farasi 30, mbwa wanabweka, baragumu linalia. Mmoja akitimua mbio, wote wanataka kufuata. Ni kama River Road: ukiona watu wanakimbia, unakimbia kwanza, maswali baadaye.

Ndiyo maana hawakuanzia hapo. Kwa wiki kadhaa alimpitisha karibu na mabanda ya mbwa hadi akazoea harufu na kelele zao. Alimfundisha kusimama wenzake wakiondoka. Kisha akachagua matembezi ya mapema, kabla ya msimu rasmi kufunguliwa Novemba, kwa sababu huwa mafupi na ya polepole.

Siku yenyewe alimfunga utepe wa kijani mkiani. Huo huwaambia wengine kwamba huyu ni mgeni, mpeni nafasi. (Mwekundu maana yake ni anapiga teke.) Wakakaa nyuma ya kundi, ubavuni mwa farasi mzee ambaye baragumu likilia hata sikio hatikisi. Mbwa wakipita, alimgeuza awatazame. Akiwaona hatashtuka, wala hatawapiga teke. Kumpiga mbwa teke kule ni aibu kubwa.

Baragumu likalia. Kiwewe akaanza kutetemeka, akataka kugeuka akimbie.

Hapo wengi wetu tungevuta hatamu kwa nguvu zote. Ndiyo kosa, kwa sababu farasi anausikia mwili wako, na ukikaza, anaamini kweli kuna hatari. Binti ya shangazi alilegeza mikono, akamzungusha taratibu, akaanza kumtajia vyakula vya kibandani: chapo, madondo, sukuma, matumbo. Si uchizi. Ukiongea, lazima upumue. Baada ya muda sikio moja likageuka nyuma, kumsikiliza.

Saa moja na nusu baadaye, Kiwewe alikuwa ameruka mtaro mdogo nyuma ya yule mzee, na kichwa kimeshuka. Wengine ndio kwanza wanapata moto. Mwenye farasi akasema, "Anaenda vizuri, endelea."

"Hapana. Tunarudi nyumbani."

Ilikuwa kazi yake hatarini, lakini alijua farasi akichoka woga hurudi, na siku ikiishia kwa woga, ndicho atakachokumbuka.

Nimeifikiria sana hiyo "hapana." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nikiingia ukumbini kifua kilibana, na kila mtu aliniambia nikaze. Nilikaza, mpaka siku moja nikatoka na sikurudi tena.

Mwezi uliopita nilianza masomo ya jioni. Nilikaa karibu na mlango, kando ya mama mmoja ambaye hana presha na mtu. Wakati wa mapumziko, bado nikiwa sawa, nikaenda zangu nyumbani. Mathe akauliza mbona mapema hivyo. Nikamwambia nimemaliza ya leo.

Kiwewe bado hajauzwa. Anatoka tena Jumamosi, na safari hii watajaribu saa mbili. Mimi narudi Jumanne.