Mnandi, mzamiaji wa Kivu anayedhaniwa kuwa bata

RUSIZI, Rwanda – Alfajiri mitumbwi ya sambaza inaporudi mwaloni, imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, akina mama wenye mabeseni ya kuvushia Bukavu hawaisubiri peke yao. Juu ya majabali na vigingi vya ziwani wamesimama ndege weusi wenye shingo ndefu, mabawa wameyatandaza kama nguo zilizoanikwa. Wapita njia wengi hudhani ni bata. Kumbe ni minandi.

Kosa lenyewe linaeleweka. Mnandi huogelea kama bata, huzama ghafla na kuibuka mbali na pale alipopotelea. Lakini bata huelea juu juu kama kibuyu, ilhali mnandi mwili wake umezama nusu, na mara nyingine huonekana shingo tu. Mdomo wa bata ni bapa. Wa mnandi ni mwembamba, na ncha yake imepinda kama ndoana. Hata miguu inatofautiana: utando wa bata huunganisha vidole vitatu, wa mnandi huunganisha vyote vinne.

Kivu ina minandi wa aina mbili. Mkubwa ana urefu wa sentimita 90 hivi, na koo na kifua chake ni cheupe. Mdogo, mnandi mkia-mrefu, hafiki sentimita 60, na jicho lake ni jekundu.

Na yale mabawa? Manyoya ya mnandi hulowa maji. Kwa bata huo ungekuwa msiba, lakini kwa mnandi ndio ufundi wenyewe. Manyoya yaliyolowa hubeba hewa kidogo, basi maji hayamsukumi juu anapopiga mbizi. Huko chini huyabana mabawa na kujisukuma kwa miguu. Akimkamata samaki, humleta juu, humgeuza na kummeza kwa kutanguliza kichwa, ili miiba isimkwaruze koo. Kisha hana budi kujianika.

Huzaa kwa makundi, mara nyingi kwenye miti ya visiwani. Mayai ni matatu au manne, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa wiki nne hivi. Mti waliouzoea huweza kukauka kwa wingi wa kinyesi chao. Hawajui mpaka, ndege aliyelala upande wa Rwanda anaweza kuvua upande wa Kongo bila kuulizwa kibali.

Linalomgusa mchuuzi ni swali hili: je, mnandi anamlia biashara yake? Samaki anakula, hilo halina ubishi, na mvuvi aliyechopolewa samaki wavuni ana haki ya kununa. Ila zamu zao ni mbali. Sambaza, waliopandikizwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hupanda juu usiku, na ndipo taa za wavuvi huwakusanya. Mnandi huvua mchana, wakati sambaza wameshuka. Hata hivyo hawashuki mno, kwa sababu chini ya mita 60 hivi maji ya Kivu hayana oksijeni.

Beseni likipungua, afadhali kuulizia nyavu kwanza. Zile zilizopigwa marufuku, kama kaningini, na zile za macho madogo zinazozoa samaki wachanga, huondoa ziwani samaki ambao wangekuwa mzigo wa miezi ijayo. Wavu wa namna hiyo humdhuru mnandi pia. Akinaswa chini hawezi kupanda kuvuta pumzi, naye hufa maji, yeye bingwa wa kuzamia.

Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kwa muda kila mwaka ili samaki wazaliane. Siku hizo taa za usiku hazionekani ziwani, na mchuuzi hutafuta ndakala za Tanganyika. Minandi huendelea na kazi.