Majina Hayatoshi: Unganisha Orodha ya Wanachama na Orodha ya Malipo ya Chama

Desemba ikikaribia na chama kinapoanza kuhesabu pesa za kugawana, mara nyingi ugomvi hauletwi na pesa kupotea. Pesa iko. Kinachokosekana ni jibu la swali dogo tu: hii shilingi 2,000 ya mwezi wa Machi ilikuwa ya nani? Rekodi inasema "Mary", na chama kina Mary watatu. Hapo mweka hazina anaanza kupekua ujumbe wa simu hadi usiku, na mtu mmoja anarudi nyumbani akiamini ameibiwa.

Tunaongea leo na vyama vya ofisini, vile ambavyo tayari vinaweka hesabu kwenye Microsoft Lists kwa sababu kazini wanatumia Microsoft 365. (Ulizeni kwanza kama mwajiri anaruhusu. Hiyo ni mali yake.) Wengi wana orodha moja ndefu: tarehe, jina, simu, kiasi. Kila malipo yakiingia, jina linaandikwa upya. Leo ni "Mary Wanjiru", kesho "M. Wanjiru", keshokutwa "Mary W". Kwako ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta hao ni watu watatu, na ukijumlisha kwa jina utapata majibu matatu.

Dawa yake ni orodha mbili. Ya kwanza ni Wanachama, na humo kila mtu anaandikwa mara moja tu: jina, namba ya uanachama, simu, na hali yake, yaani kama bado yupo au ametoka. Ya pili ni Malipo: namba ya muamala, tarehe, kiasi, na safu inayoitwa Mwanachama. Safu hii ya mwisho ndiyo kiini cha mambo. Usiiache iwe ya kuandikwa kwa mkono. Ukiongeza safu, chagua aina inayoitwa "Lookup" kwenye menyu, halafu uielekeze kwa orodha ya Wanachama. Kuanzia hapo jina linachaguliwa, haliandikwi. Ndani yake programu haihifadhi hata hilo jina. Inahifadhi namba ya mstari wa yule mwanachama, ID, ambayo programu yenyewe huitoa na hairudii kumpa mtu mwingine hata mstari ukifutwa. Mary akiolewa akabadilisha jina, unarekebisha mara moja kwa Wanachama na malipo yake yote ya zamani yanaonyesha jina jipya.

Anza na Wanachama kabla ya Malipo, maana huwezi kurejelea orodha ambayo haijakuwepo. Zote mbili ziwe kwenye tovuti moja ya SharePoint. Safu hii haivuki kwenda tovuti nyingine. Na simu iweke kama maandishi, si kama namba, la sivyo 0712 inageuka 712. Chagueni mtindo mmoja, tuseme 2547 na 2541, mshikilie huohuo.

Sasa kuna mpangilio mmoja ambao watu huuruka, na sisi tunaona ndio wa maana kuliko yote. Ukifungua chaguo zaidi za safu hiyo utaona sehemu ya kulinda uhusiano wa orodha hizo mbili. Ukichagua "Restrict delete", hakuna anayeweza kumfuta mwanachama ambaye ana malipo. Ukichagua "Cascade delete", kumfuta mwanachama kunafuta na malipo yake yote. Kwa hesabu za pesa za watu chagua ya kwanza, bila mjadala. Mwanachama akitoka, badilisha hali yake iwe "ametoka". Historia ya pesa yake ibaki pale ilipo. Ulinzi huu unakubali mtu mmoja tu kwa kila malipo, kwa hivyo usiruhusu kuchagua wengi.

Je, mkitaka malipo yajiandike yenyewe? Inawezekana, kwa Power Automate au kwa skripti ya yule kijana wa IT. Lakini lazima malipo yaje na kitu cha kumtambulisha mtu, na hapa ndipo paybill inaishinda till. Till haimuulizi mlipaji namba ya akaunti. Paybill inauliza. Waambieni wanachama waandike hapo namba yao ya uanachama, 007 kwa mfano, si "mchango", si "chama", si jina la mtoto. Kutegemea namba ya simu ya mlipaji kuna shida mbili: siku hizi taarifa ya malipo mara nyingi huifikia mifumo ya biashara ikiwa na tarakimu zimefichwa, na watu hulipa kwa simu ya mume, ya dada au ya jirani. Namba ya akaunti inasema pesa ni ya nani hata kama simu si yake.

Skripti ifanye hivi: ichukue 007, iitafute kwa Wanachama, ipate ID ya mstari huo, halafu iandike malipo kwa kutumia ID hiyo. Wengi hukwama hapa. Wanatuma jina kwenye safu ya Mwanachama, na mfumo unakataa. Kwa REST ya SharePoint, safu hiyo inaandikwa MwanachamaId. Kwa Microsoft Graph inaandikwa MwanachamaLookupId, na thamani yake ni namba tu, kama 12. Mwambieni pia aunde safu kwa jina lisilo na nafasi, kisha abadilishe jina la kuonekana baadaye, kwa sababu nafasi hugeuzwa kuwa _x0020_ kwenye jina la ndani na kumsumbua kila siku.

Namba ikikosa kupatikana, skripti isikisie. Iandike malipo na kuacha Mwanachama wazi, kisha mweka hazina awe na mwonekano wa malipo yasiyo na mwenyewe, aushughulikie kila wiki. Na ile namba ya muamala, zile herufi na tarakimu kumi zinazoanza ujumbe wa M-Pesa, iwekwe isijirudie. Taarifa ya malipo inaweza kutumwa mara mbili mtandao ukisumbua, na hamtaki mtu ahesabiwe 4,000 alipotoa 2,000.

Wazo la mbali kidogo: watu 24 wakichanga kila wiki ni malipo 1,248 kwa mwaka. Baada ya miaka minne mna 4,992, na Microsoft Lists huanza kugoma kuonyesha baadhi ya miono orodha ikipita 5,000. Wekeni indeksi kwa safu ya tarehe mapema na mchuje kwa mwaka.

Wape wanachama ruhusa ya kusoma tu. Namba za kitambulisho hazihitajiki humo, na PIN ya mtu yeyote haifai kuandikwa popote. Simu na michango ni data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi.

Kabla ya kutangaza mfumo mpya kwa kikundi, jaribuni malipo matatu ya shilingi 10: moja kwa namba sahihi, moja kwa namba isiyokuwepo, na moja kwa namba ya mwanachama lakini kutoka simu ya mtu mwingine. La kwanza na la tatu yaangukie majina yanayostahili, la pili libaki bila mwenyewe. Kisha jaribuni kumfuta mmoja wa waliolipa. Mkikataliwa, mko sawa.