Mfamasia mzuri huuliza kabla ya kujibu

Mwanafunzi wa famasia anaweza kukariri majina ya dawa mia moja na bado akashindwa kumsaidia mama aliyesimama dirishani na mtoto anayeharisha. Ndiyo maana vyuo vingi duniani haviridhiki na mtihani wa kuandika peke yake.

Huongeza mtihani wa vituo, ulioanzishwa miaka ya 1970 na Dk Ronald Harden na wenzake mjini Dundee, Scotland, kwa wanafunzi wa udaktari. Mwanafunzi hupita kituo kimoja hadi kingine, dakika chache kila kimoja. Mara nyingi hukutana na mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, huku mtahini akijaza alama pembeni.

Tuseme ‘mama’ huyo anaomba dawa ya kumzuia mtoto kuharisha. Mwanafunzi anayekimbilia kabatini amekwishapoteza alama. Kwanza aulize: Mtoto ana umri gani? Ameanza lini? Choo kina damu? Anakunywa na kunyonya? Amepewa dawa gani nyingine?

Baada ya hapo ndipo aeleze. ORS ichanganywe na maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki itolewe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma: miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi umri huo. Choo chenye damu, macho kudidimia au kushindwa kunywa ni dalili za kumwahisha hospitali.

Mwisho athibitishe kama ameeleweka. “Umeelewa?” haitoshi, maana wengi wetu huitikia ndiyo ili tuondoke. Bora aseme: “Mama, hebu nieleze utakavyompa ukifika nyumbani.”

Na akiulizwa asichokijua, kwa mfano kama dawa fulani inamfaa anayenyonyesha? Aseme, “Ngoja nihakikishe,” kisha afungue mwongozo wa kuaminika. Kubahatisha ndiko kunakomwangusha.

Nawe msomaji, usikereke ukiulizwa maswali dukani. Ukikabidhiwa dawa kimyakimya, uliza wewe: Natumia kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi, na nikiona dalili gani nirudi?